Kura zangu milioni ine

Ngoja nielezee mi mwenyewe, mbele bengine batie chumvi. Ilikuwa wakati ya vita, ku université moja ya Butembo. Mi nilikuwa nimesoma Java, luga ya kuandikia programu, kule Kampala, donc C, luga ingine ya programu, niliiona kitu kidogo. Tulikuwa tunachagua chef wa promotion, mukubwa wa darasa yetu, kati yangu na Kavira. Batu tulikuwa makumi tatu tu. Nikasema: «Mashine njo itahesabu.»

Mu programu, hesabu ya Kavira niliianzisha na zero, kwa roho muzuri kabisa. Yangu mukono ilikataa, nikaiacha bila namba: mutu anajiandikia namna gani zero? Nilizoea Java, yenye inakuwekeaga zero yenyewe. Kumbe C inaanzia na takataka yenye ilibakia mu mémoire ya mashine, sawa kupimia maharagi mu kikopo chenye haukumwanga kwanza.

Prof akaja, groupe ya umeme ikawaka, tukaingiza kura zote, mashine ikaandika: Kavira kumi na saba, mimi milioni ine na zaidi.

Kavira akaniangalia pole pole.

«Yaya, barabara ya Kinshasa imefungwa, na leo ndege haikutua ku uwanja wa Mavivi. Bale batu bako balipita wapi?»