Duara la Upendo na Njia ya Lamboni

Kilichonitoa nyumbani Makole, mjini, ni kitabu. Shirika lililoniajiri kwa mkataba mfupi lilikuwa limepata mwongozo wa mazungumzo ya amani, uliotungwa kwa ajili ya vikundi vya Wayahudi na Wapalestina, likaona utawafaa pia wakulima na wafugaji wa Chamwino. Mimi nilisomea saikolojia ya jamii, hivyo nikakabidhiwa amani.

Saa moja asubuhi nilikuwa ndani ya basi, nikiwaza nimsalimie nani kwanza. Nikianza na wakulima, nimeegemea upande. Nikianza na wafugaji, vilevile.

Saa tatu nilifika kijijini. Niliielekeza shikamoo yangu kwenye nafasi iliyo katikati ya pande mbili.

"Marahaba," waliitikia wote, wakicheka.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mfupi. Mama Neema alikuwa amezungushia shamba lake la zabibu seng'enge, na njia ya mifugo kwenda lamboni ikabaki ndani. Mzee Lemburis, mfugaji, sasa alizunguka nusu siku kufuata maji. Ndama wake wawili walishakufa.

Mwongozo ulikataza kuanza na ugomvi. Kwanza tukae duara, kila mtu aseme jambo jipya alilojifunza kuhusu mwenzake.

"Jipya lipi?" aliuliza Mama Neema. "Mke wa mzee huyu nimemzalisha watoto wawili. Hata kukoroma kwake nakujua."

"Na njia utaifungua lini?" aliuliza Mzee Lemburis.

Nilifunua kurasa haraka. "Mzee, hilo ni la kesho alasiri. Leo tunajenga kuaminiana."

"Ng'ombe nao wasubiri kuaminiana?"

"Jamani, mtani wangu!" alisema Mama Neema. "Tumekaa kwa upendo, unaleta mambo ya seng'enge!"

Mzee akanigeukia. "Hao wa kitabu chako, walipomaliza kukaa duara, aliyefungiwa njia alifunguliwa?"

Nilitafuta. Kulikuwa na picha nyingi za watu wakikumbatiana.

Saa nane mchana, Mzee aliaga kwa adabu, akaenda kuzungusha ng'ombe. Mama Neema alibaki, akajaza fomu ya tathmini: ameridhika sana, sana, sana.

Jioni nilirudi mjini na kuandika ripoti ya siku ya kwanza. Duara nililisifu. Njia sikuitaja, kwa kuwa fomu ya ripoti haikuwa na nafasi yake.

Nilichojifunza ni hiki: aliyefunga njia hupenda mazungumzo yaanze na upendo, aliyefungiwa hutaka yaanze na njia, na kijana anayeogopa kukosa mkataba huanza na ukurasa wa kwanza.