Siku Baba Alipomwozesha Dada kwa Sauti Mpya

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, baba aliponiita sebuleni kwetu Luzira, akaziba kwa kidole gumba tundu la shingoni mwake, akaniuliza: "Nani amekutuma?"

Nilikuwa nimemaliza chuo juzijuzi, kijana wa kuwaza jambo moja mara ishirini kabla ya chai. Baba alikuwa ameondolewa zoloto, kile kiungo cha sauti kooni, kwa sababu ya saratani, kisha akawekewa kijivali, kilango kidogo cha kupitisha pumzi. Akiziba lile tundu, pumzi hupita kwenye kijivali na kuwa sauti: nzito, yenye mikwaruzo, maneno matatu manne kwa pumzi moja. Miezi mingi alijizoeza kwa kuita majina ya majirani na kumtania mama: "Furahi. Sasa unanishinda kusema."

Ndoa ya dada yangu Zinabu ilikuwa Jumapili. Kwetu Wanubi, baba ndiye anayetamka "nimekuozesha" mbele ya watu. Nikawaza: akikwama je? Wakicheka je? Nikamwendea shehe, nikamwambia baba mdogo ndiye ataozesha. Akauliza kama baba ameridhia. Nikasema ndiyo. Nilidanganya, na nikakamatika upesi, maana baba mdogo alikuja mwenyewe kumshukuru baba kwa heshima ile!

"Niliogopa utaaibika, baba," nikamjibu.

"Mimi nafundishwa kusema," akasema. Akavuta pumzi. "Wewe nani atakufundisha kuuliza?"

Jumapili baba mdogo alimnong'oneza baba, lakini sote tulisikia: "Banange, jamani kaka, ukichoka niko hapa nyuma."

"Kaa hukohuko," baba akasema. Watu wakacheka naye.

Akanywa maji, akaziba tundu. "Nimekuozesha... binti yangu..." Pumzi ikaisha. Nikainuka kumsaidia, akaninyoshea mkono wa pili nikae. Akavuta pumzi taratibu, akaziba tena. "Zinabu. Kwa mahari tuliyokubaliana." Bwana arusi, mwenye koo zima, ndiye aliyeshikwa na kigugumizi akijibu.

Mwanangu, mtu anayejifunza kusema upya usimmalizie maneno. Usimjibie dukani wala kwa daktari. Mwache avute pumzi, watu wasubiri. Na ukiwa na hofu juu yake, mwambie yeye kwanza, usiende kupanga mambo yake pembeni ukadhani ndiyo huruma.

Mungu akupe subira ya kusikiliza, na wanaokupenda wakusikilize hadi neno lako la mwisho. Amina.