Msitu Usiotolewa Kibali

Juzi nilikuwa ofisi ya halmashauri hapa Same, nikifuatilia kibali cha saruji. Mbele yangu alisimama mzee mmoja wa Vudee. Halmashauri inatunga sheria ndogo ya kulinda msitu wa matambiko wa ukoo wake, na afisa alitaka mzee aisikie kabla haijapigwa muhuri.

"Ni marufuku kukata mti bila kibali cha halmashauri," afisa alisoma kama mtangazaji wa redio.

Mzee aliinua kidole. "Kwa hiyo mwenye kibali atakata?"

"Akifuata taratibu, mzee wangu."

"Mimi ndiye mtunza msitu, na sijawahi kukata hata fimbo."

"Na mti ukianguka wenyewe?"

"Unaozea hapo hapo. Hata kuni hatuokoti. Mwanangu, futa hilo neno kibali."

Afisa alimtazama, akanitazama mimi na fomu yangu, kisha akachukua kalamu akafuta.

Saruji nimeambiwa nirudi Jumatatu. Sikununa. Katika miaka hii ya ruksa, kule Vudee kuna kitu ambacho hata ukiwa na mjomba ofisini hukipati.