Nilifyatua Mapema, Nikalisingizia Kumbatio la Mama

Msinionee huruma kabla hamjamaliza kusoma. Mimi ni mwoga, tena ni mwongo, na kati ya hayo mawili ni uongo ulioharibu zaidi.

Naishi Kindu, huku Mikelenge, natengeneza baiskeli. Watu wa mtaa wananiita mzee wa heshima. Heshima! Wangenijua wasingeniachia hata pampu.

Wakati wa vita nilikuwa kijana, nikaingia msituni upande wa Pangi pamoja na rafiki yangu wa tangu utotoni. Nitamwita Amisi, ingawa si jina lake. Tulikuwa wapiganaji wa maji. Kabla ya kwenda kupigana mganga alitunyunyizia maji ya dawa, tukaambiwa risasi za adui zitageuka matone. Lakini maji yale yalikuwa na miiko. Usioge kwa sabuni. Usile sombe, yale majani ya mihogo. Na mwiko mkubwa kuliko yote: mwanamke asikuguse, wala usipokee kitu kutoka mkononi mwake. Ukivunja, hufi peke yako, unawaua na wenzako.

Amisi alikuwa mtoto pekee wa mama yake. Mama yule aliuza mawese sokoni, na mimi nilikula kwake mara nyingi kuliko kwetu. Siku moja alikuja kwa miguu mpaka kwenye shamba la mihogo karibu na kambi yetu, anamtafuta mwanawe. Amisi alikuwa ametumwa kuteka maji. Aliporudi, uso wote ulikuwa unacheka.

"Niliona mama," akaninong'oneza. "Mi nilimuambia asinikaribie. Hakusikia! Alinikumbatia, akanishika uso na mikono yake yote mbili, akalia. Usiambie muntu."

"Siwezi kusema," nikamjibu. "Mama njo mama."

Asubuhi yake tukaenda kutega.

Mahali penyewe palikuwa na kijito na daraja la gogo, kwenye njia waliyozoea kupita askari wa upande wa pili. Komanda wetu alitulaza kichakani kando ya njia. Wenzetu watatu aliwaweka karibu kabisa na gogo, mmoja wao Ramazani, jirani yetu wa nyumbani. Mimi akanipeleka mwisho wa mstari, mbali na gogo, kazi yangu kufunga njia ili asitoroke mtu.

"Wale ya mbele waache wapite," akaniambia. "Hata wakikukanyaga, nyamaza! Mi njo nitaanza kupiga, wakati wote wameshavuka gogo. Umesikia?"

"Nimesikia, komanda."

Nilisikia vizuri kabisa. Masikio yangu hayajawahi kuwa na kosa.

Walikuja. Askari wawili wa mbele wakavuka gogo, wakatembea taratibu mpaka nilipolala. Mmoja akapita. Wa pili, kijana mdogo aliyevaa buti kubwa kuliko mguu wake, akasimama mbele yangu, akainama kufunga kamba ya kiatu. Halafu akainua kichwa, macho yake yakaingia moja kwa moja kwenye majani yaliyonificha.

Mpaka leo sijui kama aliniona. Kidole changu hakikungoja kujua. Alianguka na kamba bado mkononi.

Jamani! Hata mtoto anayejifunza kuwinda anajua kwamba ukimpiga kanga wa kwanza, kundi lote linakukimbia. Kikosi chenyewe kilikuwa bado ng'ambo ya kijito. Hawakuvuka. Walilala chini, kisha wakazunguka kupitia majini na kutuingilia ubavuni, palepale kwenye gogo. Ramazani na wale wawili hawakupata hata nafasi ya kugeuka. Sisi wengine tuliokoka kwa miguu.

Kambini komanda alituketisha duara. 

"Nani alianza kupiga?"

Msituni mlio wa bunduki hauna mwenyewe, unatoka kila upande. Mmoja akaapa ni adui, mwingine akamuunga mkono. Mimi nilikuwa nachunguza vidole vya miguu yangu.

Hapo mganga akasimama.

"Ulizo si hiyo," akasema. "Maji yangu iko muzima. Muniambie, nani alivunja mwiko?"

Akaanza kumuuliza kila mtu, mmoja mmoja, uso kwa uso. Niliona zamu yangu inakuja. Nikawaza: akinitazama vizuri ataiona ile risasi usoni mwangu. Nikainua mkono kabla hajanifikia.

"Amisi aliguswa na mama yake," nikasema. "Alimukumbatia."

Ee Mungu wangu! Sikulazimishwa. Sikupigwa. Nilijitolea!

Amisi hakukana. Alisema ni kweli, akainamisha kichwa. Walimchapa mpaka mganga mwenyewe akasema basi, kisha wakamfukuza bila bunduki wala kitu. Kabla hajaondoka aliniangalia, na macho yake hayakuwa na hasira.

"Ulifanya muzuri kusema," akaniambia. "Ungenyamaza, wengine wangekufa tena juu ya kosa yangu."

Alinishukuru! Maneno hayo yananiamsha kuliko risasi yoyote niliyoisikia.

Pengine mtaniuliza kama niliamini dawa ile. Niliamini, na mara nyingine bado naogopa kusema siamini. Lakini kidole changu kilikuwa wapi najua mimi. Ule mwiko ulinifaa, basi. Kosa langu likapata mahali pa kujificha, na hakuna aliyeuliza tena habari ya risasi ya kwanza. Komanda aliuawa baadaye akiwa bado hajui nani alianza kupiga.

Habari zikafika Kindu kabla yetu. Sokoni wanawake wakaanza kupita mbele ya mama yake Amisi kama hawamwoni. Chupa zake za mawese zikabaki zimepangwa mpaka jua linazama. "Mikono ile njo iliua watoto ya watu," walisema, tena bila kushusha sauti.

Na yeye akaamini. Alianza kujifunga vitambaa mikononi. Aliacha kusalimia watu kwa mkono. Jirani akijifungua, alikwenda kutoa pongezi akisimama nje ya mlango. Yule mama aliyekuwa akimbeba kila mtoto wa mtaa!

Vita vilipopoa nilikwenda kumwamkia. Nilinyoosha mkono, naye akaificha mikono yake chini ya kitenge.

"Usinishike, mwanangu," akasema. "Weye Mungu alikurudisha muzima. Mi sitaki kukuharibu."

Akaniwekea kikombe cha maji chini, akarudi nyuma ili nikiokote mwenyewe. Tulikuwa wawili tu. Neno moja lingetosha kuvifungua vile vitambaa. Nilikunywa maji, nikashukuru, nikaenda zangu. Alikufa bila kumgusa mtu tena.

Amisi leo anafyatua matofali karibu na mto Lualaba. Hakuoa. Ukimuuliza anasema hawezi kujipatia watoto wakati wale watatu hawakupata. Kila Idi anatafuta samaki wa Lokandu na unga, anampelekea mama wa Ramazani, anapiga magoti na kuomba msamaha. Mimi nimempa baiskeli ya kubebea. Ndiyo, mnisikie vizuri: nimemtengenezea baiskeli ya kwenda kuomba msamaha wa kosa langu!

Nina mke na watoto, lakini nyumba yangu haina raha. Kitinda mimba wangu aliwahi kuniletea viatu vya shule nimfungie kamba, nikamfokea akalia. Mke wangu alidhani nimerogwa. Ningemwambia nini? Kwamba nikiinama juu ya kamba ya kiatu namwona yule kijana anainua kichwa? Anakuja mchana kweupe, kati ya spoku za baiskeli za watu, na kila mara ananitazama kama anayetaka kuuliza njia. Mke wangu akinishika uso naruka. Siwezi kuvumilia mikono miwili usoni pangu.

Idi iliyopita nilishindwa. Nilimfuata Amisi kwenye matofali yake, nikamwambia yote bila kupumzika: kamba ya kiatu, kidole, duara, mkono nilioinua. Nilisema, "Ile risasi ya kwanza ni yangu. Si wewe. Si mama. Ni mimi!"

Aliendelea kushindilia udongo kwenye kalibu mpaka nikamaliza.

"Ndugu yangu," akasema polepole, "mi najua unanipenda. Siku nyingi njo unatafuta namna ya kunitua huu muzigo. Lakini usijitwike maiti ya watu juu ya kunisaidia."

"Si mapendo, Amisi! Ni kweli! Niliogopa, nikapiga!"

Akasimama. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo mpaka viwikoni, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wetu niliiona hasira yake.

"Kama ni weye, basi mama alijifunga mikono bure. Watu walimukimbia bure. Alikufa bure! Unataka nibakie na hiyo?"

Akajijibu mwenyewe.

"Hapana," akasema. "Hii yangu nimeizoea. Hiyo ingine sitaiweza. Usinisemeshe hiyo tena."

Akarudi kwenye udongo wake. Baada ya kitambo akaniomba nimgeuzie matofali yaliyokauka, nami nikamgeuzia.

Basi nawaambia ninyi, kwa kuwa yeye hataki kunisikia. Ewe unayesoma, kama kuna mtu amebeba kosa lako, mkimbilie leo, usinawe hata mikono. Usingoje moyo upoe wala vita viishe. Ukichelewa, atajenga maisha yake yote juu ya uongo wako, na siku utakapomletea ukweli utakuwa umekuja kumbomolea nyumba. Mimi siku ile kambini ningechapwa viboko tu, na viboko vinapona.