Kimya cha Kibarazani

Nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Mikumi, pembeni mwa barabara kuu, na nikipata mapumziko narudi kwangu Kilosa. Wenzangu wa Mikumi wananishangaa. Wanasema Kilosa hakuna pa kukaa, hakuna muziki, mtu mzima unakimbilia nini huko. Nawaacha waseme. Kweli Mikumi pana kila kitu, kuanzia nyama choma hadi bia baridi asubuhi, ila mpishi wa barabarani anampikia mtu ambaye kesho hayupo. Chipsi zikinuka mafuta ya juzi, mlaji atakuja kugundua akiwa Iringa, na hatarudi kulalamika. Mimi ni mtu wa kula, na nataka kupikiwa na mtu tutakayeonana naye kesho.

Mtaani kwetu nyumba zimepangana kimya, ua kwa ua, karibu na reli. Asubuhi kuna supu kwa muuza nyama, na ukichelewa unakuta anaosha sufuria. Mchana kila mtu anakula kwake. Jioni, sote tulikuwa na mahali pamoja tu, kibaraza cha mzee mmoja na mke wake. Mzee alikaa mbele na birika lake la kahawa na sahani ya kashata. Mama alikuwa nyuma, uani, anakaanga mihogo. Kati yao kulikuwa na ukuta na mlango wenye pazia.

Nilichopenda pale ni kwamba hakuna aliyeagiza. Mama alikaanga kwa kusikiliza. Ukifika unasalimia, wakubwa wanapewa shikamoo zao, unaanza kubishana na waliokutangulia, na yeye huko nyuma keshajua ni nani. Mstaafu wa reli, ambaye meno yake yamebaki machache, alipikiwa mihogo laini ya kuchemshwa kwanza. Mimi niliwekewa pilipili ya ukwaju hadi machozi. Siku moja nilikuwa na mafua, sauti imekauka, nikaletewa sahani ya mtu mwingine kabisa. Nilinuna. Nikaila.

Halafu mzee akafariki. Aliugua muda mfupi tu, tukamzika, na mama akaingia eda. Tunaoishi na Waislamu tunaijua: mjane anatulia ndani ya nyumba yake, hatoki ovyo, hakutani na wanaume wasio ndugu zake, mpaka muda wake utimie. Mtaa wetu ni mchanganyiko, wengine wazazi wao waliletwa na mashamba ya mkonge ya Kimamba, wengine na reli, lakini kwa jambo la heshima hatuhitaji kufundishwa.

Nilirudi kutoka Mikumi nikakuta heshima hiyo imefika mbali. Benchi la kibarazani lilikuwa limeegemezwa ukutani, miguu juu, asikae mtu. Waliokuwa wakinywa kahawa pale wamehamia dukani kona ya pili, wanakunywa soda kwa huzuni. Bodaboda wakifika kwenye kona wanazima injini, wanajikokota na pikipiki zao hadi wapite nyumba ile. Wanawake wanaofuata maji wanazunguka njia nyingine. Niliona fahari, sitaficha. Nikasema moyoni, huu ndio mtaa, wangekuwa Mikumi wangepigia honi hata jeneza.

Jioni, kwa kuwa mimi ni mwanamke na eda hainizuii, nikaenda kumwona mama. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, karibu na jiko lisilo na moto. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa pole. Tukazungumza habari za ugonjwa wa mzee na mazishi yake, kama inavyozungumzwa. Kisha akaniuliza kama wale wa kibarazani wamepata mahali pengine pazuri.

Nikamwambia wako dukani tu, kwenye kona.

"Wamenihama," akasema. "Siwalaumu. Kahawa ilikuwa ya mzee. Mihogo wataipata popote."

Nilitaka kucheka kwa jinsi alivyokosea, lakini uso wake haukuruhusu. Nikamweleza kwamba hawajamhama, wanamheshimu, hata pikipiki wanazizima kwa ajili yake.

"Kukaa ndani nimekubali, ni dini yangu. Lakini na nje nako kumekufa. Siku nyingine nagonga sufuria nijue kama masikio yangu bado yanasikia. Na nikitaka kulia nashindwa, mwanangu. Nitaliaje, mtaa mzima umenyamaza unanisikiliza?"

Hapo nikaelewa, na nilikasirika. Sijui niliyemkasirikia. Watu wote wale wazuri walikuwa wamejipinda kwa adabu, na adabu yao ilikuwa imemfungia mwenzao ndani na kumwambia kwamba maisha yake ya kibarazani yameisha. Huyu mama alikuwa amejua watu kwa sauti miaka yote, na sasa tumemwondolea sauti zote kwa mpigo.

Nikaenda moja kwa moja dukani. Mstaafu wa reli alikuwepo, na wengine watatu au wanne. Niliwasalimia kwa utaratibu, maana hata ukiwa na hasira shikamoo haisamehewi, kisha nikawaeleza yote. Mstaafu akaweka chupa ya soda chini. Akasema walidhani wanampa mama nafasi. Mmoja akauliza kama dini inaruhusu wanaume kukaa kwenye nyumba ya mwenye eda. Dereva wa bodaboda, ambaye ni Muislamu mwenzake mama, akajibu kwamba mama atakuwa ndani na wao watakuwa nje, na kwamba eda ni ya mama, si ya benchi. Hilo likamaliza kikao.

Kesho yake jua lilipopoa wakaja. Wakaligeuza benchi, wakalifuta vumbi. Mstaafu alileta chupa ya chai aliyoipika mwenyewe, na ilinuka maziwa yaliyoungua. Mimi nilikuwa uani na mama. Tulikuwa tumewasha jiko, mihogo imemenywa, mafuta yanaanza kuchemka, na mama ameshika upawa anasubiri.

Tukasubiri. Kule mbele watu walikuwa wamejaa benchi zima, nilijua kwa sababu niliwaona kwenye upenyo wa pazia, lakini walikuwa wamekaa wima kama watoto kwenye benchi la zahanati. Mmoja alimwegemea mwenzake, akamnong'oneza kitu sikioni. Mwingine alipaliwa na chai akakohoa ndani ya kiganja. Mafuta yalianza kutoa moshi. Mama aliinamisha kichwa upande wa ukuta, akasikiliza, akasikiliza, kisha akanigeukia.

"Wamekuja?"

"Wamejaa."

"Sasa mbona wananong'ona? Nenda kawaulize, kwani hapa kuna msiba?"

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa amekunja uso, amekereka kabisa, kama mtu ambaye kazi yake inacheleweshwa. Nikafungua pazia nikatoka, nikawauliza hivyo hivyo kama nilivyotumwa, neno kwa neno.

Walitazamana. Halafu mstaafu akaanza kucheka, kwanza kwa tumbo tu, mabega yakitikisika, kisha kwa sauti ya watu wa reli, ile ya kuitana kutoka behewa hadi behewa. Alivua kofia akajifutia macho. Wengine wakamfuata, dereva wa bodaboda akipiga benchi kwa kiganja, na mtu akaanza kumsimanga mstaafu kwa chai yake mbaya, mwingine akamtetea, na ubishi ukawaka mtaa mzima.

Ndani ya kelele ile nikamsikia mama, kule nyuma ya ukuta, analia kwa sauti. Nikarudi haraka. Alikuwa amesimama mbele ya jiko, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, analia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile, na mkono wake unageuza mihogo.