Kipande cha Bomba la Jamhuri

Sisi wa maabara tulikuwa tukimtania Madam Nzembi kwamba kwa wembe wake wa kukatia sampuli angeweza kumnyoa sisimizi. Alikuwa amekaa miaka kumi na tisa kwenye chumba cha hadubini ya elektroni, katikati ya jiji, na mimi, Kiragu, nilikuwa msaidizi wake. Hakupenda haraka. Watu wenye haraka pia hakuwapenda, na alikuambia hivyo usoni.

Lakini wiki ile ya mwaka 2006 alilazimika kuharakisha. Bomba la plastiki la maji moto lilikuwa limepasuka katika nyumba moja ya mtaa wa Jamhuri, likamchoma vibaya mfanyakazi wa nyumbani. Fundi aliyelifunga, Oyoo, alikuwa rumande. Kama ufa ulianzia kwenye alama ya spana yake, angefungwa. Kama ulianzia kwenye punje ya uchafu iliyonaswa ndani ya plastiki kiwandani, basi hakuwa na kosa. Hakimu alitaka jibu Alhamisi, na kipande tulichopewa kilikuwa kidogo kama ukucha.

Jumanne tulikipaka utando mwembamba wa dhahabu, maana plastiki tupu ikipigwa na elektroni hung'aa tu, huoni kitu. Kwenye skrini mistari ya ufa ikatokea, yote ikielekea sehemu moja. Nzembi akaifuata. Akakuza, akakuza tena. Niliogopa hata kupumua. Alikuwa amezoea vyuma, ambavyo unaweza kuvikodolea macho kutwa nzima. Plastiki haivumilii elektroni muda mrefu. Pale pale ufa ulipoanzia pakavimba, pakatoboka, na hatukuwa tumepiga picha.

Akazima mashine. "Kiragu," akasema, "ufa una pande mbili."

Kipande cha upande wa pili, ambacho Oyoo alikikata alipoitwa kulitengeneza bomba, kilikuwa kimebaki kwenye mkoba wake wa vifaa, nyumbani kwake karibu na mtaa wa Woodley. Nzembi akampigia simu mke wa Oyoo, Phoebe, akamsihi akilete kesho yake asubuhi.

Phoebe alikuja na nguo za kanisani, kipande kimefungwa kwa leso safi. "Nimeisugua na stilwaya ya kuoshea sufuria, Madam, mpaka ikang'ara. Singeleta kitu chafu kwa ofisi. Itasaidia?"

Nzembi akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa mikwaruzo mitupu.

Nakiri nilipata afueni, na nikajionea aibu. Nikamvuta Nzembi kando. "Madam, si tuandike tu kwamba ushahidi uliletwa ukiwa umeharibika? Si uongo."

Alinitazama hadi nikaangalia viatu vyangu. Kisha akarudi akaketi karibu na Phoebe. "Mama, cha kwanza nilikichoma mimi. Hiki hakionyeshi kitu tena. Usijilaumu."

Alhamisi mahakamani hakimu akamuuliza Nzembi kama, kabla ya kukichoma, aliona uchafu au alama ya spana. Phoebe alikuwa kiti cha mbele, mikono imeshikana. Neno moja tu, uchafu, lingetosha kumwokoa Oyoo. Nilitamani Nzembi adanganye, Mungu anisamehe.

"Sikuona, mheshimiwa."

Oyoo aliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Phoebe alilia kwa furaha, akatukumbatia wote wawili. Nzembi hakufurahi, na baada ya miezi michache nilielewa kwa nini. Jamhuri yote hakuna aliyemwita Oyoo tena, hata kufunga mfereji unaovuja, na sisi hatukuwa na picha ya kuwaonyesha ufa ulianzia wapi.