Mashada Mekundu na Jua la Siku ya Mvua

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye subira kwa waja wake, aliyenipa umri mrefu wa kutosha kulielewa jambo nililolitenda nikiwa mtoto. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyekuwa mpole kwa watoto kuliko sisi sote. Baada ya hayo, wapendwa, kaeni nami kidogo niwasimulie.

Ilianza kwa mchakacho. Mwaka 2017 nilikuwa nikiishi na binti yangu Mwanaidi na mjukuu wangu Nasra hapa Bellevue, Johannesburg, katika vyumba viwili vya nyumba kuukuu iliyogawanywa kwa wapangaji. Kila nilipojilaza baada ya adhuhuri nilisikia kitu kikichakacha chini ya kitanda, nikadhani panya. Siku moja nikainama na ufagio, nikavuta. Nyuma ya sanduku langu yakatoka mashada mawili ya mifuko ya plastiki, myeupe na ya buluu, iliyochanwa vipande vyembamba kama tambi na kufungwa kwa mpira wa nywele.

Nikajua ni ya nani. Shule ya Nasra ilikuwa imeanzisha kikundi cha wasichana wa kuishangilia timu ya mpira. Wanaruka, wanaimba kwa kupokezana, wanatikisa mashada kama hayo. Nasra, wa miaka kumi, alikuwa ameomba kujiunga, mama yake akakataa.

"Sketi yenyewe inaishia hapa," Mwanaidi alisema, akijigusa paja. "Halafu mguu juu, watu wazima wanatazama. Mwanangu? Haiwezekani."

Nami nilimuunga mkono, na sikuona haya. Tangu siku hiyo Nasra akawa anachelewa kurudi. Saa kumi alasiri ndiyo saa yetu ya kusoma Kurani, mimi na yeye, na kila siku alikuwa akiingia anahema, ushungi umekaa upande.

"Eish, Bibi, homuweki iko mingi," alisema.

Basi nikakaa kitandani na yale mashada mapajani, nikayatikisa kidogo, na mikono yangu ikakumbuka katani.

Nilikuwa na umri kama wake, nyumbani Tanga. Shule yetu ilichaguliwa kucheza halaiki uwanjani siku ya sherehe, watoto mamia kwa mamia tukipiga hatua pamoja na kuunda maumbo kwa miili yetu. Sisi wasichana tulipewa nyuzi za katani tuzifunge mashada na kuzichemsha katika rangi nyekundu ya mikeka. Nasikia hata leo harufu yake, ya majani mabichi na ya sufuria iliyoungua. Nilikuwa mwepesi, naruka vizuri, mwalimu akaniweka mstari wa mbele. Furaha ile sijui niifananishe na nini.

Lakini baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtaa mzima ukimwita Maalim, naye alikuwa amesema waziwazi kwamba binti yake hatavaa bukta uwanjani. Nikaenda kwa siri. Mazoezi yakiisha nilikuwa nakimbia hadi chuoni, nakaa mkekani nyuma ya wenzangu, nafungua juzuu kama mtu aliyekuwapo tangu mwanzo.

Sikuwaza habari ya jasho. Jasho liliitoa ile rangi ikanishika viganjani, na siku moja, nilipokuwa nikifuata aya kwa kidole, baba akauona mkono wangu.

"Hina hiyo?" akauliza. "Nani kaolewa?"

"Shangazi yake Zaina," nikasema. Zaina alikuwa rafiki yangu, na hakuwa na shangazi.

"Mashallah. Bwana harusi wa wapi?"

"Wa Pangani."

"Mpe hongera zangu," akasema baba, akaendelea na somo.

Wiki nzima hakuacha kumuulizia. Anakula, anainua macho: "Bi harusi hajambo?" Hajambo, baba. Anatia udhu: "Hivi wamekwisha hamia Pangani?" Bado, baba. Mama yangu alikuwa akijiziba mdomo kwa upande wa kanga, mimi nikidhani anakohoa. Nikaona nimemweza Maalim. Harusi ile niliikuza mwenyewe mpaka ikawa na ng'ombe wawili na wapiga ngoma.

Siku zile zile baba akatangaza kwamba chuo kitaanza saa kumi na nusu badala ya saa kumi, kwa sababu ya jua kali. Watoto tukafurahi. Kisha mwalimu wa shule naye akasema wasichana watavaa suruali ndefu nyeupe. Nikacheza halaiki yangu, nikayatupa mashada, na juma lililofuata chuo kikarudi saa kumi. Sikujiuliza lolote. Baba alifariki nikiwa msichana mkubwa, na ile harusi hatukuitaja tena.

Sasa nirudi Bellevue. Mashada nikayarudisha chini ya kitanda, nikanyamaza. Nasra akaingia kwa kuchelewa, anahema kama kawaida, nami nikasikia mdomo wangu ukisema, bila mimi kuupangia: "Kuanzia kesho tusome saa kumi na nusu. Jua la dirishani linaniumiza macho."

Nasra akatazama dirisha. Mbingu ilikuwa nzito, mawingu tangu asubuhi.

Hapo nikakumbuka kwamba siku baba alipotangaza habari ya jua kali, ilikuwa masika. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya bati hata tukashindwa kumsikia, ikabidi aseme mara mbili. Jua, alisema. Jua kali. Na miaka zaidi ya hamsini ilinipita kabla sijaisikia ile mvua.

Alijua. Alikuwa ananiachia nafasi nifike bila kukimbia. Na kila alipomuulizia bi harusi wangu alikuwa ananifungulia mlango niingie na kusema kweli, nami kila mara nikaufunga. Zile suruali pia, sasa najua ni nani aliyekwenda kuziomba.

Nililia mbele ya mtoto. Kisha nikaona kwamba upole wa baba ulinipa halaiki, lakini uongo wangu nilibaki nao hadi uzeeni. Sikutaka Nasra aubebe wake muda wote huo. Nikayatoa mashada, nikayaweka kwenye meza, nikamsimulia yote, na ng'ombe wawili wa Pangani. Akacheka, kisha akainama.

"Mama ataniua," akasema.

"Hatakuua. Utamwambia wewe mwenyewe, nami nitakaa hapa hapa."

Mwanaidi alikasirika kweli. "Mama, leo ni wewe wa kumtetea? Wewe uliyenifunga ushungi nina miaka sita?"

"Simtetei aliyedanganya," nikamwambia. "Nataka twende tukaone kinachofanyika, kabla hatujakikataa wala kukikubali."

Tukaenda. Mwalimu wao, mama wa Kizulu mwenye sauti kubwa, aliniita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao, na kunipa kiti. Suruali ndefu na ushungi, alikubali kabla sijamaliza kusema. Kuna mtikiso mmoja wa kiuno nilimwambia sikuupenda kwa watoto, akacheka, akasema hata yeye mama yake asingeupenda, akauondoa. Kuruka, kuimba na kushikana mikono ili mwenzako asianguke, hayo sikuona ubaya wake. Niliona watoto wenye furaha, na mtu mzima anayewaangalia. Mwanaidi akamgeukia Nasra, akamwambia, "Siku utakayonidanganya tena, umeacha."

Siku ya mechi nilikaa mbele kabisa, mahali pa kuonekana. Sijui kama baba alikuja uwanjani ile siku ya halaiki. Nasra alijua nimekuja.

Msimu ulipokwisha, nilimwambia tuanze tena kusoma saa kumi. Akafungua juzuu, akatazama dirisha, akanitazama mimi.

"Bibi," akasema, "jua limepungua?"

Nilicheka hadi miwani ikaloa. Mimi ilinichukua miaka hamsini.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie watoto wasiokuogopa, akupe ulimi wa kusema kweli kungali mapema, na awarehemu wazazi wako kwa kila walilolijua juu yako wakalinyamazia kwa mapenzi. Amina.